Kabla Mwalimu Fausta Hajasema

Ulongoni, Gongo la Mboto
Jumamosi

Mwanangu Yustina,

Mambo ya sabuni, ndoo na kufuli la tranka nimeshayasema mpaka umechoka kuyasikia, kwa hiyo hayamo humu. Naandika kwa sababu leo mchana nilishindwa kuongea. Ulikuwa umekaa kitandani unakunja sweta za shule. Nikakaa pembeni yako, nikaanza kusema kwamba huko unakokwenda kuna jambo moja nataka ulijue. Hukuniacha nimalize. Ulisema, "Ndiyo mama, nimeelewa," ukaendelea kukunja.

Ulikuwa hujaelewa kitu, Yusti. Nilikuwa sijasema kitu.

Nilitoka uani nikajifanya naanua nguo ambazo hazijakauka. Nilisimama pale nimeshika shuka lenye maji, nikawaza kwamba kesho alfajiri tunakwenda stendi Mbezi, Jumatatu nakukabidhi kwa watu nisiowajua, na mtoto ninayewakabidhi anaitikia kabla hajaambiwa.

Nakwambia mapema ninachokiogopa, ili usome ukijua. Siogopi chakula cha bweni, wala baridi ya huko Nyanda za Juu, wala kwamba utanisahau. Naogopa utakaa darasani miaka minne ukiandika kila kitu kwa mwandiko wako ule mzuri, ukisema ndiyo kila mtakapoulizwa, na asiwepo hata mtu mmoja atakayejua kwamba ndani huelewi. Masomo yote sasa ni kwa Kiingereza. Utakaa na watoto walioanza kukisema tangu chekechea, nao watajibu haraka, na wewe utapotea taratibu bila kupiga kelele. Naogopa zaidi kwa sababu huko kunyamaza ulifundishwa na mimi, siku moja ambayo labda unaikumbuka kuliko ninavyotamani.

Hukuzaliwa hivi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa na maswali mpaka watu wanakukwepa. Mama wa maziwa ulimuuliza kwa nini ng'ombe anakula majani ya kijani halafu anatoa maziwa meupe. Fundi aliyekuja kuezeka choo ulimsumbua hadi akateremka kwenye ngazi akuoneshe misumari. Padri alipokuja kubariki nyumba kwa jirani zetu kina Koku, ulimshika kanzu ukamuuliza yale maji yakibaki anayapeleka wapi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Yeye alicheka, akachuchumaa, akakujibu. Sikumbuki alikujibu nini. Nakumbuka tu aibu yangu, na hilo lingetosha kunifundisha kitu kama ningekuwa mtu wa kufundishika wakati ule.

Halafu ukafika Darasa la Tano. Jioni moja ulirudi ukasema, "Mama, Mwalimu Fausta kasema uje shuleni kesho." Nikakuuliza umefanya nini. Ukasema, "Nilisema sijaelewa."

Nilikuuliza mara mbilimbili kama hakuna kingine. Kupigana, kuiba, kutukana. Ukasema hakuna. Sikukuamini.

Lazima nikueleze maneno hayo, mzazi aje shuleni, yana uzito gani kwa mtu kama mimi. Nilipokuwa kidato cha nne, mkuu wa shule alimwita bibi yako, mama yangu mimi. Alikuja amevaa kitenge cha kanisani. Aliingia ofisini, na kabla hajakaribishwa kiti alishapiga magoti kwenye sakafu, anasema, "Nisameheni walimu wangu, mtoto kanishinda." Mkuu wa shule alikuwa hajafungua mdomo. Nilimtazama mama yangu kwa juu, nikaona kisogo chake na ncha za kitambaa alichojifunga, nikajua sitamwona tena kama zamani.

Safari ile kosa lilikuwapo kweli, kwa macho yao. Nilikuwa na mimba, na mimba hiyo ni wewe. Siku hizi msichana anajifungua, anarudi darasani. Wakati wangu jina lilifutwa siku hiyohiyo, nikapewa muda wa kukusanya madaftari. Mitihani niliifanya baadaye kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikisoma na wewe mgongoni, na baada ya hapo stashahada, kidogo kidogo, mpaka nikapata hii kazi ya ukarani. Sijajuta kuwa na wewe hata siku moja, hilo usilitilie shaka. Lakini kwenye ile sakafu nilijifunza kitu kibaya bila kujua kwamba najifunza. Nilijifunza kwamba shule ikikuita, unainama kwanza.

Kwa hiyo nilikushika mkono asubuhi ile, nimeomba ruhusa kazini, nimevaa sketi yangu ya ofisini. Njiani nilikwambia utaomba radhi. Ukauliza kwa kosa gani.

Nikakujibu, "Utaomba kwanza, kosa tutalijua hukohuko."

Nimelirudia hili jibu kichwani mwangu mwezi mzima sasa. Nililitoa kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema funga mlango.

Ofisini mwa walimu walikuwamo watatu wanakunywa chai. Mwalimu Fausta alisimama, mikono ya blauzi ina vumbi la chaki, akatabasamu. Mimi nililisoma lile tabasamu kuwa ni kejeli. Akaanza kusema, "Mama Yusti, karibu, nimekuita kwa sababu jana huyu mtoto," na hapo nikamkata. Nikasema naomba umsamehe mwalimu, nyumbani hatumfundishi hivyo. Nikaweka mkono begani kwako nikakukandamiza.

Ulinitazama mimi, ukamtazama yeye, kisha ukapiga magoti. Ulisema naomba radhi mwalimu kwa sauti ndogo mpaka yule mwalimu wa kiume aliyekuwa dirishani akakwambia useme tena. Ukasema tena. Akacheka, akaniambia, "Wazazi kama wewe ndio tunaowataka. Wengine siku hizi wanakuja kutugombeza sie." Nami nikacheka. Nilicheka, Yusti, na wewe uko chini.

Mwalimu Fausta hakucheka. Alikugusa kichwani akasema basi, inuka, nenda darasani. Alinipa mkono akanishukuru kwa kuja. Nilitoka pale mwepesi, kama niliyetua mzigo, na kwenye kona ya madarasa nikakwambia yameisha. Nikasema kuanzia leo wenzako wakisema ndiyo, na wewe sema ndiyo. Ukiwa na swali utaniuliza mimi nyumbani.

Nyumbani hukuwahi kuniletea swali la darasani. Na ungeniuliza saa ngapi? Narudi kazini miguu inawaka, napika, nafua, nalala. Nililijua hilo wakati nakuahidi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri, na hivyo ndivyo yalivyonidanganya. Ulitulia. Matokeo yakapanda. Jioni mimi naosha vyombo, wewe umekaa kwenye kigoda na maswali ya mitihani iliyopita, nakuuliza, unajibu, nakuuliza, unajibu, kama watu wanaorushiana mpira. Mara mojamoja ulikuwa unasimama katikati: lakini mama, kwa nini. Nami nilikuwa na neno langu moja. Hilo haliulizwi kwenye mtihani, twende mbele. Tulikwenda mbele. Ulifaulu, ukachaguliwa shule ya bweni ambayo mimi nilikuwa naiona kwenye orodha za ofisini tu, na mtaa mzima ulinipongeza. Mama Koku alileta soda. Niliamini nimeweza kulea.

Sasa nikwambie nilichokisikia likizo hii, ulipokuwa unakwenda yale masomo ya kujiandaa na kidato cha kwanza. Hujui kwamba nilisikia. Nilikuwa nimefika kutoka kazini, nimeinama mlangoni navua viatu, wewe uko kibarazani upande wa pili na Koku. Ulikuwa unamsomea kwa Kiingereza jinsi mimea inavyojitengenezea chakula. Ilikuwa inatiririka kama taarifa ya habari redioni, bila kujikwaa. Nilitabasamu peke yangu pale mlangoni. Kisha Koku akakuuliza, "Da Yusti, maana yake nini?"

Ukasema hujui.

Koku, unamjua alivyo, akasema, "Sasa wakikuuliza je?"

Ukamjibu, "Hilo haliulizwi."

Ilikuwa sauti yangu, na mkato wangu uleule. Hata ile pumzi fupi ninayoivuta kabla ya kusema, uliivuta. Ana miaka saba yule mtoto na hakuuliza kitu kingine jioni ile. Nilibaki nimesimama na kiatu kimoja mkononi.

Usiku huo kwenye chakula nilijaribu kukuchimba. Nikakuuliza masomo yanakwendaje, ukasema kawaida tu. Nikakuuliza mwalimu wenu akimaliza kufundisha anasemaje. Ukasema anauliza tumeelewa. Na nyie mnasemaje? Ndiyo mwalimu. Na wewe? Ulinitazama kama mtu aliyesahau jina lake mwenyewe. "Si nasema ndiyo, mama."

Hukusema kwa ukali. Ulikuwa unanikumbusha.

Wiki iliyofuata Mwalimu Fausta alikuja ofisini kwetu. Unajua kazi yangu ni masijala. Walimu wa manispaa nzima wanakuja kwenye lile dirisha kufuatilia majalada yao: uhamisho, likizo, kupandishwa daraja. Watu ambao mtoto akiwaona kwenye korido anabana pumzi, wakifika kwangu wananiita dada samahani, kwa sauti ya chini, wameshika kofia mkononi. Wananiogopa mimi, Regina, ambaye namwogopa afisa wangu mpaka nikisikia viatu vyake nasimama kabla hajafika. Naye nimeona anavyokaa akija mgeni kutoka mkoani. Nimekaa pale miaka kadhaa nikiangalia hofu inavyoshuka ngazi kwa ngazi, na nilikuwa nadhani inaishia kwa mtoto wa Darasa la Tano kwa kuwa yeye hana mtu chini yake. Kumbe na yeye ana Koku.

Mwalimu Fausta alinitambua kabla sijamtambua. Amekonda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza yule mtoto yuko wapi siku hizi. Nikamwambia kwa furaha umefaulu, umechaguliwa bweni, unaondoka mwezi ujao.

"Hongera sana," akasema. "Bado anauliza?"

Nikasema, "Ametulia sana, mwalimu. Hasumbui tena."

Alitazama chini, kwenye ile mbao ya dirisha, akawa anaifuta kwa kidole kama ina uchafu. Kisha akasema, "Mama Yusti, siku ile mie nilikuita nikuombe mtoto."

Nakuandikia aliyoniambia kadiri ninavyoweza kuyakumbuka, kwa sababu ni yako.

Alisema siku moja kabla ya hapo alikuwa anafundisha kugawanya sehemu kwa sehemu. Aliwaambia mnageuza ile ya pili, mnazidisha. Akauliza tumeelewa, darasa zima likaitikia ndiyo mwalimu. Wewe peke yako ukasema mie hapana. Wenzako wakaguna, akawanyamazisha, akakuuliza hujaelewa wapi. Ukamuuliza kwa nini igeuzwe, na nani alisema igeuzwe. Akawageukia wengine: nani amweleze mwenzenu? Hakuna mkono. Wote walisema ndiyo na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jibu. "Na mie sikuwa nalo," aliniambia. "Nilifundishwa hivyohivyo, nikafundisha hivyohivyo." Alikwenda kwake akakata maandazi vipandevipande mezani, nusu, robo, nusu ya robo, watoto wake wanamshangaa, mpaka akapata namna ya kuwaonesha.

Asubuhi yake alitaka kukuomba ubaki na kikundi cha wenzako baada ya vipindi. Darasa lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, wengine wamekaa chini, haoni nyuso. Alisema alihitaji mtoto mmoja asiyeogopa, wa kumwambia ni wapi amewaacha. Alitaka kuniuliza kama nitakuruhusu. Alikuwa amekubakishia vipande viwili vya andazi kwenye karatasi, ndani ya droo yake, wakati wewe umepiga magoti mbele ya meza hiyohiyo.

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema nini?" akajibu. "Mtoto yuko chini, wenzangu wanacheka, wewe unacheka. Ningekuaibisha. Nikajiambia tutaongea siku nyingine." Akaifuta tena ile mbao. "Usilibebe peke yako. Na mie nilikuwa mtu mzima mle ndani."

Nyuma yake kulikuwa na foleni. Nilimtafutia jalada lake, akasaini, akaondoka. Nilihudumia watu mpaka jioni na sikumbuki sura ya hata mmoja.

Basi nakuandikia kwa maneno ambayo hayawezi kueleweka vingine: siku ile hukukosea. Uliitwa kusifiwa. Mimi ndiye niliyekupigisha magoti, kabla Mwalimu Fausta hajasema.

Tangu siku hiyo nimejaribu kukurudisha na nimeshindwa, ndiyo maana naandika kama mtu anayegonga mlango kwa mikono miwili. Nilikwambia Yusti, uwe huru kuuliza. Ukasema ndiyo mama. Nikakwambia usiseme ndiyo tu. Ukasema sawa mama. Nikakasirika, nikapandisha sauti, na niliona mabega yako yanavyoshuka, nikajua nakwambia usiniogope kwa sauti ya kukuogofya. Kila njia ninayoishika inanirudisha palepale.

Sina utaalamu wa jambo hili. Nimewasikia wenye utaalamu. Mwaka jana ilifanyika semina ya walimu, nami nilikaa mezani mlangoni kusimamia mahudhurio. Mkufunzi alieleza vizuri sana. Alisema mtoto hajazwi elimu kama ndoo bombani, anaijenga mwenyewe kwa kuuliza, kujaribu na kukosea, na mwalimu kazi yake ni kumsindikiza. Alieleza hivyo kuanzia asubuhi hadi chakula cha mchana, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyefungua mdomo isipokuwa kupiga miayo. Alipomaliza akauliza tumeelewa. Ukumbi mzima ukaitikia ndiyo. Nami mlangoni niliitikia, na sikuwa hata mshiriki.

Ninayemkumbuka zaidi kuliko yule mkufunzi ni bibi yangu wa Songea, mama yake bibi yako, ambaye hukumkuta. Alijifunza kusoma akiwa na watoto wakubwa, enzi zile serikali ilipowakusanya watu wazima nchi nzima wafundishwe. Kwao walikusanyikia kwenye banda la kanisa. Mwalimu wao alikuwa kijana aliyemaliza shule ya msingi juzijuzi, na nusu ya wanafunzi walishawahi kumbeba mgongoni. Akiwauliza mmeelewa, bibi alisema, walikuwa wanamwambia hatujaelewa, rudia, na usikimbie maana mahindi yetu hayatoroki. Alirudia. Angefanya nini?

Siku moja walisoma habari ya kuchemsha maji ya kunywa. Bibi akabisha. Akasema maji ya kisima chao yanang'aa mpaka unaona kokoto chini, sasa kuna nini cha kuchemsha. Alibisha vipindi viwili. Yule kijana hakujua amjibu vipi, akaenda hadi misheni kumwomba mganga wa zahanati aje. Mganga akaja, akaeleza kwamba vinavyoumiza tumbo havionekani kwa macho, akataja nyumba kwa nyumba watoto walioharisha mwaka ule, wakiwemo wa bibi. Banda zima likamcheka. Naye akacheka. Alikuwa amekosea kabisa mbele ya kijiji kizima, na hadithi hiyo aliisimulia maisha yake yote kama watu wengine wanavyosimulia harusi yao. Maji alichemsha mpaka anakufa.

Mimi nimesoma miaka mingi kuliko yeye na mama yangu ukiwajumlisha, na sijawahi kukosea mbele ya watu namna ile. Nimejificha vizuri. Ulipoletwa mfumo wa kompyuta pale masijala tulifundishwa siku moja, nikasema nimeelewa, kisha nikabaki jioni baada ya jioni nabahatisha vitufe. Nilifuta kazi ya mwenzangu ya wiki nzima, nikasema umeme ulikatika. Hayo ndiyo maisha ya mtu anayesema ndiyo. Hayana vishindo. Ni kujificha tu kila siku na kuchoka.

Baada ya kuonana na Mwalimu Fausta nilijilazimisha mara moja. Afisa alinipa maelekezo kwa haraka akiwa amesimama, nami nikasema samahani, sijaelewa. Alishusha pumzi ya mtu aliyechoshwa, akarudia. Nikaelewa. Akaenda zake. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya kitunguu, na nilikuwa nimekiogopa kitu hicho tangu utoto.

Sitakudanganya kwamba kwako kutakuwa hivyo kila mara. Watakucheka. Kiingereza chako kitakwama katikati ya sentensi na yupo atakayeigiza ulivyokwama bwenini. Huenda ukakutana na mwalimu atakayeona unamdharau, na huenda akakuadhibu, na mimi sitakuwapo. Najua ninachokuomba ni kigumu, na najua nakuomba nikiwa mtu wa mwisho mwenye haki ya kukuomba. Nakuomba hivyohivyo. Sina mtu mwingine wa kumtuma.

Na kama siku moja mimi ndiye nitakayeitwa tena na shule, kwa sababu yoyote, nakuahidi nitaketi kwenye kiti, nisubiri mwalimu aseme mpaka mwisho, kisha nikugeukie wewe nikusikilize.

Sijui kama nimechelewa. Nimekaa hapa nakusikia unavyohema usingizini na sijui kama yule mtoto aliyemshika padri kanzu bado yumo humo ndani au nilimmaliza. Nasema wazi kwamba sijui.

Jumatatu tukifika, wageni wote watapangwa foleni pale mapokezi. Watakuuliza jina, ulikotoka, unaumwa nini, nani apigiwe simu. Watakuuliza kwa Kiingereza na kwa haraka, kwa kuwa wamechoka na watoto ni wengi. Nitaona unageuka kunitazama. Kila ulipogeuka hivyo tangu Darasa la Tano nimejibu mimi: hospitali, dukani, kanisani, hata mtu akikuuliza unapenda nini.

Jumatatu sitajibu. Usidhani nimekukasirikia. Nitakuwa nimesimama nyuma yako, nimebana mkoba kifuani, naogopa kuliko wewe, na nimenyamaza. Chukua muda wako. Kama hujaelewa alichokuuliza, mwambie hivyo kwa lugha yoyote itakayokuja mdomoni. Wazazi wa nyuma wakianza kunung'unika, usiwageukie, hao niachie mimi.

Nitasubiri, hata foleni yote ikisimama.

Mama yako,
Regina